Jina Kwenye Mdomo wa Ala

Vijana wangu, nimesikia wawili kati yenu wamepata kazi ya kulinda mashamba na wamepewa bastola za kuvaa kiunoni. Hongereni. Nimesikia pia kuna watatu wanaojifunza kushona ngozi, na hao nawapa pole kwanza, hongera baadaye, maana vidole vyao bado vinatoka damu. Nina neno kwa nyote. Mimi sijapiga risasi hata moja maishani mwangu. Nikisikia pancha ya lori nainama. Lakini ala, mfuko wa ngozi wa kutilia bastola, niliyoishona mimi kwa mikono hii iliwahi kufyatua bastola, watu wamekaa wanakula, na tangu siku hiyo nikawa mwalimu wa jambo nisilolijua.

Nilikuwa kijana wa kuota mchana. Chuoni niliishia juzuu ya tatu, shuleni darasa la pili, lakini ndotoni nilikuwa fundi wa masultani. Nikikata soli ya kubadhi nilikuwa naona mguu wa mfalme ndani yake. Mara moja nilimwota mfalme huyo vizuri mno hata nikakata makubadhi mawili yote ya mguu wa kulia. Fundi wangu, Fundi Mbwana, aliyapanga chini, akayatazama kwa muda, akaniuliza, "Shomari, huyu mteja wako anatembea au anazunguka?"

Huyo ndiye alikuwa Fundi Mbwana. Mtu mfupi, ndevu nyeupe za kuhesabika, hajawahi kunipiga wala kunitukana. Alikuwa anakuuliza swali tu, ukalibeba nyumbani likakunyima usingizi. Duka letu lilikuwa nyuma ya soko hapa Bagamoyo, na harufu yake ilikuwa tangazo lake, kwa sababu ngozi tulizilainisha wenyewe kwa magome ya mikoko. Siku hizi mnanunua ngozi imeshalainishwa, ina rangi, imefungwa kwa karatasi. Viatu mnakata kwenye tairi la gari. Sisemi ni vibaya. Miguu yangu yenyewe sasa hivi imevaa tairi. Ila ngozi uliyoilowesha mwenyewe unaijua tabia yake kama mtoto wako: upande wa mgongo mgumu, wa tumbo mlegevu, na mlegevu ukikauka hujikunja ndani kama mdomo wa mzee asiye na meno. Likumbukeni hilo la mdomo. Nitalirudia.

Basi alikuwako mzee mmoja mwenye shamba la minazi upande wa Kerege, Bwana Seif. Mrefu, mnyoofu, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, punda mweupe. Alikuwa na cheti cha bastola kwa ajili ya chui na nguruwe waliomsumbua shambani. Bastola yenyewe ilikuwa ile yenye tumbo la kuzunguka, risasi sita, na nyundo nyuma unayoweza kuivuta kwa kidole gumba ikakaa wima. Alikuwa anaizungushia kitambaa na kuitia mfukoni. Sasa alikuwa anamwoza binti yake mdogo, akataka kuvaa bastola kwa heshima. Akaja dukani.

"Nataka ala," alisema. "Iwe nzuri. Watu waone."

Fundi Mbwana alikuwa amekwenda Unguja kumwuguza dada yake. Nilikuwa peke yangu. Hatimaye, nikasema, mfalme amekuja!

Nikamwambia, "Bwana, niachie mimi. Utaniombea dua."

Nilikuwa nimeshashona ala za majambia nyingi, nikadhani ala ni ala. Nikachukua ngozi laini ya mbuzi. Ndani nikatia mahameli nyekundu. Sehemu ya juu nikaikata chini sana, ili ule mng'ao wa chuma na mpini wa pembe uonekane vizuri, na kile kichuma cha kuvuta kwa kidole, kifyatuo, kikabaki nje kinameta. Halafu, kwa sababu nilikuwa naipenda kazi yangu kupita kiasi, nikatundika kishada cha hariri kwenye mdomo wa ala, kama mnavyokiona kwenye majambia ya mabwana. Kilikuwa kishada kizuri sana. Mpaka leo nakionea huruma.

Lazima niwaeleze pia desturi ya mabwana wale, maana kosa halikuwa la ngozi peke yake. Mtu wa heshima hulirudisha jambia lake bila kulitazama. Mkono unakwenda wenyewe, macho yako kwa wageni, unasukuma mpaka linatulia. Kuinamisha kichwa kutafuta tundu la ala mbele za watu ilikuwa aibu. Jambia halidhuriki na desturi hiyo. Likikosea, linachubua ala, basi.

Siku ya harusi Fundi Mbwana alikuwa amekwisha rudi. Tulikwenda naye Kerege kupeleka makubadhi mapya ya Bwana Seif, tukakaribishwa kula. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua liko wazi, ua umejaa mikeka. Bwana Seif amesimama barazani, ala yangu kiunoni. Miguuni pake ameketi mjukuu wake Zuwena, mtoto wa miaka mitano hivi, ana kipande cha halua mkono wa kulia na kingine mkono wa kushoto, anapima kipi kikubwa.

Fundi Mbwana akaitazama ile ala. Nikamwona anaitazama. Akafungua kinywa aniulize swali, lakini mgeni mmoja akamtangulia: "Bwana Seif, hebu tuione hiyo."

Bwana Seif akaitoa. Akaivuta nyundo kwa kidole gumba, ka! Watu wakasema mashaallah. Mara zumari ikasikika njiani, watu wa bwana harusi wanaingia. Bwana Seif akanyoosha shingo kuwatazama, akairudisha bastola alani kama anavyorudisha jambia, bila kuangalia, nyundo bado iko wima. Kishada changu kikaingia mbele yake. Hariri ikakinasa kifyatuo. Akasukuma mpaka itulie.

Ikalia.

Sasa sikilizeni mambo ya watu. Wale wapiga zumari wa bwana harusi walidhani wamepokewa kwa mzinga wa heshima, wakazidisha ngoma. Wanawake wa kwao wakapiga vigelegele. Kule nje furaha imepanda juu, na huku ndani hakuna aliyevuta pumzi. Risasi ilikuwa imetoboa kitako cha ala, imepita kwenye pindo la kanzu, imechana ukingo wa kubadhi jipya alilovaa, imeingia kwenye mkeka shubiri moja kutoka goti la Zuwena. Moshi mwembamba unapanda pale mkekani.

Mtoto akautazama ule mtobo. Akamtazama babu yake.

"Babu," alisema, "umetoboa mkeka wa bibi."

Hakuna aliyecheka. Bwana Seif alikaa chini palepale, taratibu, kama tanga lililokatwa kamba. Akamvuta mtoto kifuani, halua ikapakaa kwenye koti. Nilikuwa naona shubiri ile tu. Nimeipima mara nyingi maishani, vijana wangu. Hata leo nikikaa mezani huutandaza mkono wangu nikaipima: kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Ndiyo hiyo.

Kesho yake Fundi Mbwana aliiweka ala mbele yangu, ina tundu kitakoni.

"Shomari, hii ni ala ya jambia au ya bastola?"

"Ya bastola, fundi."

"Jambia lina kichuma cha kuvuta?"

"Halina."

"Basi kazi ya ala ya bastola ni nini, ukiacha kuibeba?"

Akachukua msharasi wangu, ile sindano yangu nene ya kushonea ngozi yenye mpini wa mpingo aliyonipa mwenyewe siku ya kwanza, akautia kwenye kikapu chake.

"Utashona nyingine kwa sindano ya kuazima," alisema. "Siku Bwana Seif atakapoirudisha bastola mbele yangu mara ishirini, mfululizo, pasiingie hata uzi, utaurudia msharasi wako. Ikishindikana, mjomba wako yuko Kiwangwa na mihogo haina kifyatuo."

Nililia kidogo, siwafichi. Lakini nikiota nalia, nikilia naota, na nilipokuwa nalia nilianza kuiona ile ala mpya.

Mlio mafundi, shikeni hapa. Ngozi ni ya ng'ombe, ya mgongo, nene. Nikachonga bastola ya mti, sawasawa na ile ya chuma, nikailowesha ngozi, nikaifinyanga juu ya ule mti kwa vidole na mfupa mpaka ikashika umbo, nikaiacha ikauke kivulini, si juani. Kifyatuo nikakifunika chote kabisa, ngozi ikapanda juu yake, kidole hakigusi wala uzi haugusi ikishakaa ndani. Mdomo nikauongezea utepe wa pili wa ngozi, nikaushona kuzunguka, ukawa mgumu, umesimama wazi hata bastola ikiwa nje. Ndiyo maana niliwaambia mlikumbuke lile la mdomo wa mzee. Mdomo ukilegea unajikunja ndani, na ukijikunja ndani unakuwa kidole. Ala mbovu ni kidole cha ziada ambacho hakina mwenyewe. Na kishada? Nilikifunga kwenye shingo ya mbuzi wetu. Alitembea nacho kwa maringo mwezi mzima.

Bwana Seif akaja. Shikamoo, marahaba, kahawa. Fundi Mbwana akamwomba azitoe risasi zote. Zikawekwa kwenye sahani barazani, sita, wote tukaziona, kisha fundi akachungulia kila chumba cha lile tumbo, akachungulia tena. "Risasi ni kama wageni," alisema, "usiseme wameondoka mpaka uone ua mtupu."

Bwana Seif akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Nyundo iko wima kama siku ile, mdomo umesimama, bastola inateleza vizuri. Mimi nahesabu huku natabasamu. Ya saba, upepo ukaliinua koti, kanzu ikafuatana na bastola ndani, ikajikusanya penye kifyatuo kabla hakijafika mahali pake.

Ta!

Tupu, lakini tuliruka wote. Muuza kahawa alimwaga buli zima.

"Bwana," Fundi Mbwana alisema polepole, "nguo imeingia."

"Nimeona."

"Hukuona, Bwana. Umesikia. Ungeangalia kabla, ungeona."

Hapo uso wa Bwana Seif ukafunga. "Mbwana, mimi tangu nibaleghe sijatazama kiuno changu mbele za watu. Mtu anayetafuta tundu la ala yake ni sawa na anayetafuta kinywa chake na tonge mkononi. Shoneni vizuri, mimi nitaivaa."

"Kwa nini basi usiiache nyumbani?" nilimwuliza. Nilikuwa kijana, niliuliza tu.

"Nyumbani kuna watoto sita," alijibu. "Mmoja wao unamjua."

Akapanda punda wake akaondoka. Fundi Mbwana akanitazama mimi, akakitazama kikapu chake. Mihogo ya Kiwangwa nikaanza kuisikia ikiota.

Siku tatu sikushona kitu. Nilikuwa nimekwisha fika mwisho wa ngozi. Ngozi haiwezi kumwinamisha mtu kichwa. Fundi anaweza kukufunikia kifyatuo, akakusimamishia mdomo, lakini nguo ni yako, mkono ni wako, na macho ni yako. Nikawaza: mzee huyu hatazami kwa kuambiwa. Atatazama nini kwa kupenda? Na jibu lilikuwa mkekani, limeshika halua mikono miwili.

Nikachukua kisu chembamba, nikachora kwenye ule utepe wa mdomo, upande wa juu, mahali panapoonekana na aliyeivaa peke yake akiinamisha macho. Nilichora kwa herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, herufi tano: Zuwena. Mwandiko wangu haukuwa wa kusifiwa, nuni yangu ilikaa kama dau linalovuja. Nikazitia wino mweusi, nikazipaka mafuta ya nazi.

Bwana Seif aliporudi nilimfunga mkanda mwenyewe. Sikumwambia neno. Akashusha mkono kuitoa bastola, macho yakafuata kidogo tu, yakasimama.

Akagusa zile herufi kwa kidole gumba, moja moja, kutoka kulia.

"Nani kaandika hivi vibaya?" aliuliza, lakini sauti yake haikuwa ya kulaumu.

"Mimi, Bwana. Niwie radhi. Nakuomba kitu kimoja. Kabla hujairudisha, lisome jina. Likisomeka lote, njia ni nyeupe. Herufi moja ikifunikwa, ni kanzu hiyo, au koti, itoe kwanza. Hutazami kiuno chako, Bwana. Unamtazama mjukuu."

Fundi Mbwana alikuwa anajifanya anakuna ndevu.

Risasi zikatolewa, zikawekwa kwenye sahani, vyumba vikachunguliwa. Bwana Seif akaanza. Nyundo ameilaza. Kidole ameking'oa penye kifyatuo, amekinyoosha ubavuni mwa chuma. Anainamisha macho, midomo inacheza, anasoma, halafu ndiyo inaingia, polepole. Moja. Mara ya tano upepo ukalitupa koti juu ya mdomo wa ala. Akasimama. "Zu," alisema, "na hapo hamna kitu." Akalisukuma koti nyuma kwa mkono wa kushoto, akasoma tena mpaka mwisho, akairudisha. Mara ya kumi na tatu ikagoma kidogo njiani. Mkono ulitaka kusukuma, nikauona mshipa. Akaitoa nje kabisa, akatazama, akakuta kona ya kanzu. Fundi Mbwana akasema kwa sauti ndogo, "Alhamdulillahi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiridhika bila kuuliza swali.

Ishirini. Haukuingia hata uzi.

Fundi Mbwana akainuka, akaingiza mkono kikapuni, akautoa msharasi wangu, akanipa kwa mikono miwili kama anayempa mtu mzima. Kisha akaniuliza, maana hakuweza kujizuia, "Sasa kazi ya ala ni nini, ukiacha kuibeba?"

"Kumkumbusha aliyeivaa, fundi."

"Kumkumbusha nini?"

"Nani ameketi miguuni pake."

Baada ya hapo walinijia wengi, mabwana wa mashamba ya mkonge, askari, hata mzungu mmoja aliyekuwa akirudisha bastola kwa kasi kama anatia mkono kwenye asali yenye nyuki. Nilimwambia anachoambiwa kila mtu, na nawaambia ninyi wawili sasa: kutoa haraka huenda siku moja kukawa na sababu, chui hasubiri. Kurudisha haraka hakuna sababu hata moja duniani. Chui ameshaondoka. Unamkimbilia nani? Laza nyundo, toa kidole, sogeza nguo, tazama, ndipo uirudishe kama unamlaza mtoto aliyesinzia. Ikigoma usibishane nayo, itoe uanze upya. Na mafundi, kila aliyetaka ala nilimwuliza jina la mtu mmoja anayempenda. Wengine walicheka. Wote walitaja. Mzungu yule alitaja jina la mbwa wake, nikamchorea, na alilisoma kila mara.

Bwana Seif alizeeka, akairudisha bastola serikalini kwa mkono wake, kisha Mungu akampenda zaidi. Sikuiona tena ile ala mpaka majuzi, siku chache kabla sijaliacha duka. Aliingia mama mmoja, mkoba begani, mtoto mgongoni, akaniamkia. Nilipoitikia akacheka, "Mzee Shomari, hunijui? Mimi ni mwenye mkeka uliotobolewa."

Zuwena ni mshonaji nguo sasa, cherehani yake iko Mapinga. Akatoa ala mkobani. Ngozi imekuwa nyeusi kama kahawa, mdomo bado umesimama, na ndani yake ametia mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Akaniomba nimtie kifungo cha mkanda, cha zamani kimekatika. Nikatafuta jina. Zile herufi tano hazipo. Ukingo ni laini kabisa, unang'aa, umeliwa na kidole gumba cha mtu mmoja kwa miaka yote ile.

"Nikuchoree tena?" nilimwuliza.

"Wacha," alisema. "Hivi hivi nalisoma."

Nikamtia kifungo, akajifunga ala kiunoni juu ya khanga. Akauchukua mkasi wake, mtoto amemning'inia mgongoni, mguu mmoja wa mtoto umelala palepale pembeni ya mdomo wa ala, naye Zuwena anatazama mlangoni, anaurudisha mkasi kwa mkono mmoja.

"Zuwena!" nilipiga kelele, mpaka msharasi ukaniponyoka. "Angalia!"

Akashtuka, kisha akacheka. "Mzee, ni mkasi tu huu."

"Najua ni mkasi. Angalia."

Akainamisha macho. Akauona ule mguu mdogo. Akausogeza.